Utulivu Kama Fani: Uhakiki wa "En Mana Kuoyo" ya Ayub Ogada

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, hasa tangu miaka ya 1970, umezoea kuikabili kazi ya sanaa kwa swali la ujumbe: msanii anaiambia nini jamii yake, na anasimama upande wa nani? Swali hilo lina haki yake, na wahakiki waliolishikilia walikuwa na sababu nzuri za kulishikilia. Hata hivyo ziko kazi ambazo, zikiulizwa swali hilo kwanza, hujibu kwa maneno machache sana hata mhakiki akadhani hazina la kusema. Mojawapo ni "En Mana Kuoyo", albamu ya kwanza ya mwimbaji na mpigaji nyatiti Ayub Ogada, iliyotolewa mwaka 1993 na kampuni ya Real World ya Uingereza. Sauti yake haipandi, ala zake ni chache, maneno yake hurudiwarudiwa kama ya mtu anayeimba huku mikono ikiwa kazini. Dai la makala haya ni kwamba utulivu huo si upungufu wa maudhui. Wala si sauti ya jadi iliyochotwa kijijini ikiwa bado mbichi, kama inavyosikika masikioni mwa wengi. Ni kazi ya kupunguza, iliyofanywa kwa makusudi na mtu aliyekwisha kuijua kelele, na kila kilichopunguzwa kina bei yake.

Yafaa kwanza kueleza msikilizaji anayefikiriwa hapa anasimama wapi. Maandishi mengi juu ya Ogada yanamweka msikilizaji mahali pawili tu: ama Ulaya, ambako nyatiti ni kitu kigeni na kizuri, ama Nyanza, ambako ni sauti ya nyumbani. Makala haya yanamweka Gakoromone, soko la mji wa Meru, upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Mtu wa Gakoromone ni Mkenya kama Ogada, lakini Dholuo haijui. Kimeru ni lugha ya Kibantu, Dholuo ni ya Kinailoti. Neno haliwezi kukisiwa kutokana na neno. Hata hivyo sikio lake si sikio lisilofundishwa. Katika soko hilo Muimenti hukutana na Mtigania, Muigembe na Mtharaka, kila mmoja na lafudhi yake, na anayetoka mbali zaidi huzungumzwa naye kwa Kiswahili. Msikilizaji wa namna hiyo amezoea kusikia zaidi ya anavyofahamu. Huyo ndiye mtu ambaye uhakiki wa Kiswahili una wajibu naye, kwa kuwa Kiswahili ndicho kinachomkutanisha na Mluo. Na ndiye ambaye redio za leo zimemsahau. Kampuni moja, Royal Media Services, ina Ramogi FM kwa wasemao Dholuo na Muuga FM kwa wasemao Kimeru, na kila kundi husikiliza vyake.

Maisha ya Ogada yanajulikana vya kutosha, kwa hiyo hapa yatagusiwa tu pale yanapoigusa kazi yenyewe. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, na jina alilojulikana nalo mwanzo ni Job Seda. Katika miaka ya 1970 alikuwa mmoja wa vijana wa Nairobi waliounda bendi ya Black Savage, bendi ya magitaa ya umeme yenye mwelekeo wa roki. Mwaka 1979 alishiriki kuanzisha African Heritage Band, iliyochanganya ala za jadi na za kisasa. Aliigiza pia katika filamu ya "Out of Africa" ya mwaka 1985. Mwaka 1986 alikwenda Uingereza, na kwa muda alipata riziki yake kwa kupiga nyatiti katika vituo vya treni za chini ya ardhi za London, akitegemea sarafu za wapita njia. Kutoka huko alifikia majukwaa ya tamasha la WOMAD, na kisha studio za Real World. Alifariki nyumbani kwake Nyahera, Kisumu, tarehe 1 Februari 2019.

Katika orodha hiyo jambo la kushika ni mpangilio wake. Nyatiti haikutangulia gitaa katika kazi ya mtu huyu. Gitaa na bendi ndivyo vilivyotangulia. Aliyeingia studio kuimba "En Mana Kuoyo" alikuwa mtu wa mjini, mwenye umri wa zaidi ya miaka thelathini na mitano, aliyekwisha kupiga roki na kusimama mbele ya watalii na wageni wa Nairobi. Kumwita mwimbaji wa kijijini ni kumnyima sifa yake kubwa, yaani uamuzi.

Ukubwa wa uamuzi huo hauonekani mpaka ikumbukwe nyatiti yenyewe ni nini katika jadi ya Waluo. Ni ala ya nyuzi nane, yenye tumbo la mti lililowambwa ngozi. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi, ala ameilaza ubavuni, na katika kidole cha mguu huvaa pete ya chuma iitwayo oduong', ambayo kwayo hugonga mti wa ala na kupata mdundo. Mguuni hufunga gara, yaani njuga. Mtu mmoja hivyo huwa nyuzi, ngoma, njuga na sauti. Hushughulika matangani, arusini na kwenye pombe, na huko haimbi peke yake. Husimamishwa katikati ya wimbo na mtu aliyetoa fedha, ambaye hujisifu mbele ya watu, hutaja jamaa zake, marafiki zake na mambo yake makubwa. Utanzu huo huitwa pakruok. Kisha wimbo huendelea mpaka mwingine ausimamishe. Mpigaji naye ana ruhusa ya kusifu, kudhihaki na kuomboleza kwa majina ya watu walio hai na waliokufa. H. Owuor Anyumba, ambaye pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Taban lo Liyong alidai mwaka 1968 kwamba Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe, aliandika juu ya nyimbo za maombolezo za nyatiti. Na Washington Omondi, aliyeongoza Tume ya Rais ya Muziki iliyotoa ripoti yake mwaka 1984, aliichunguza ala hiyo kwa kina. Picha inayopatikana kwa wote wanaoijua sanaa hiyo ni ya uwanja uliojaa watu, vumbi, fedha, vicheko na machozi. Si sanaa ya kimya.

Sasa mtu airudie albamu. Watu wamekwenda wapi? Pakruok haimo. Hakuna anayeusimamisha wimbo ili ajisifu. Mdundo upo, lakini umetulizwa. Sauti za pili zipo, lakini zinaitikia kwa upole, kama wanaoogopa kumwamsha mtoto. Nyatiti yenyewe inapigwa mbele kabisa, kila uzi ukisikika peke yake, hata mlio wa kidole kikiacha uzi. Kilichokuwa kipambo cha mkutano kimefanywa kuwa mkutano wenyewe. Ogada ameuondoa uwanja, akaacha mti, ngozi, nyuzi na koo la mtu mmoja.

Mtu anaweza kusema kwamba aliuondoa kwa sababu uwanja haukuwapo Uingereza. Wapita njia wa London hawakuweza kujisifu kwa Dholuo. Hilo ni kweli, lakini halitoshi, kwa maana bendi nyingi za Afrika zilizorekodi Ulaya katika miaka hiyo zilikabiliwa na upungufu huohuo, na nyingi ziliuziba kwa kuongeza: vinanda vya umeme, ngoma za mashine, waitikiaji zaidi. Ogada aliuacha wazi. Aliimba kana kwamba nafasi ya anayejibu haijakaliwa na mtu, naye hana haraka ya kuijaza.

Ushahidi bora wa jambo hili ni "Kothbiro". Wimbo huo haukuzaliwa mwaka 1993. Mwaka 1976 Black Savage waliutoa, ukiwa kazi ya Ogada na mwenzake Mbarak Achieng, na toleo hilo ni la bendi kamili yenye magitaa. Ni toleo hilo la zamani ambalo Kanye West alichukua kipande chake mwaka 2018 katika wimbo wake "Yikes". Hivyo basi wimbo uleule una matoleo mawili ya Ogada yaliyotengana kwa miaka kumi na saba. Anayeyasikiliza kwa kufuatana, la bendi kwanza, husikia vitu vikitolewa nyumbani kimoja kimoja mpaka kinabaki kigoda. Toleo tulivu ndilo la pili. Mdogo ndiye aliyevaa mavazi ya mzee.

Historia ya benga inaukoleza ukweli huo. Inakubaliwa kwa kawaida kwamba wapigaji gitaa wa Nyanza walihamishia katika nyuzi za gitaa mwendo wa vidole vya nyatiti, na kwamba wasanii kama Daniel Owino Misiani, aliyetoka Shirati upande wa Tanzania, waliufanya mwendo huo kuwa muziki wa taifa zima. Benga haikubaki kwa Waluo. Wakikuyu na Wakamba waliitia maneno yao, na katika masoko ya Mlima Kenya gitaa la benga ni sauti ya kila siku. Ogada alitembea njia hiyo kinyumenyume, kutoka gitaani hadi nyatiti. Matokeo yake ni kwamba msikilizaji wa Gakoromone, ambaye pengine hajapata kuona nyatiti kwa macho yake, haisikii kama kitu kigeni. Amekwisha kuisikia mara nyingi ikiwa imevaa umeme. Hapo ndipo anapomzidi msikilizaji wa London, ingawa wote wawili hawajui neno hata moja.

Kuhusu maneno, yafaa kuanza na vichwa vya nyimbo. "Dala" ni nyumbani, boma la familia. "Chiro" ni soko. "Ondiek" ni fisi. "Kothbiro" ni mvua inakuja. "En Mana Kuoyo" ni mchanga tu. Boma, soko, fisi, mvua, mchanga: ni majina ya vitu ambavyo mtoto wa kijiji chochote cha Kenya hujifunza kabla hajafika shule. Fisi hahitaji kufasiriwa Tharaka. Katika ngano za Kimeru, kama za Kiluo, ni mlafi yuleyule asiyeaminika. Dala nayo ina ndugu yake katika mucii ya Kimeru, ambayo si nyumba tu, ni watu na mpangilio wao. Msanii anayetafuta mambo makubwa huita wimbo wake Uhuru, au Afrika, au Amani. Ogada aliviita vitu kwa majina yake na kuviacha hapo. Pana ukaidi fulani katika uchaguzi huo, na ni ukaidi wa kupendeza.

Jina la albamu lataka uangalifu zaidi, kwa sababu linaonyesha jinsi fasiri ya Kiswahili inavyoweza kubadilisha pumzi ya usemi hata pale maana ilipokuwa sahihi. Katika "en mana kuoyo" neno mana, lenye maana ya "tu" au "pekee", hutangulia nomino. Msikilizaji huambiwa kwanza kwamba kinachokuja ni kidogo, kisha hupewa mchanga. Kiswahili hufanya kinyume: "ni mchanga tu". Mchanga huonyeshwa kwanza, kisha hupunguzwa thamani. Katika Dholuo mchanga ndio neno la mwisho, nalo hubaki sikioni likiwa zima. Katika Kiswahili kinachobaki ni dharau. Nyimbo za Ogada zimejengwa kwa mpango huo wa kwanza. Husema mapema kwamba hazina kitu kikubwa, kisha huweka kitu mbele ya msikilizaji na kunyamaza.

"Kothbiro" ndio wimbo ambao umesafiri kuliko yote, na safari yake inaleta tatizo la uhakiki ambalo halifai kurukwa. Mwaka 2005 ulitumiwa katika "The Constant Gardener", filamu ya Fernando Meirelles iliyopigwa kwa sehemu kubwa nchini Kenya, na tangu hapo watu wengi duniani wameujua kama wimbo wa msiba. Filamu hiyo ni ya mauaji na mjane. Nyatiti inapolia, mtazamaji hulia nayo. Lakini maneno hayasemi hivyo. Anayeimba anamwita Auma, anamuuliza kama anasikia analoambiwa, anamwarifu kwamba mvua inakuja na kwamba ng'ombe warudishwe nyumbani. Ni amri ya jioni. Ni mzazi au mkubwa anayetazama mawingu.

Je, walimwengu wamekosea? Jibu rahisi ni ndiyo, na msomi wa fasihi simulizi huwa na raha ya kulitoa. Jibu hilo lina kasoro mbili. Kwanza, nyatiti imetumika matangani kwa muda mrefu, na mwendo wake wa kushuka, uzi baada ya uzi, umebeba kumbukumbu hiyo hata pale maneno yanapozungumzia ng'ombe. Sikio la mgeni limeshika kweli ambayo maneno hayakuitaja. Pili, namna Ogada anavyoimba inaruhusu hofu. Mtu anayeita mara moja na kujibiwa haiti tena; huyu anarudia, na katika kurudia kwake Auma hajibu. Mwitiko unaosikika ni wa sauti zisizo na jina. Hapo pengo lililoachwa na pakruok linafanya kazi iliyo kubwa kuliko mapambo: msikilizaji anangoja sauti ya pili ambayo jadi ingempa, na haiji.

Msikilizaji wa Gakoromone ana usomaji wake wa tatu. Mashariki ya Mlima Kenya mvua za mwezi wa Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi kuliko zile za Machi hadi Mei, na mkulima wa Imenti au wa Tharaka hutazama mawingu ya Oktoba kwa moyo ambao si wa msiba hata kidogo. Akiambiwa kwa Kiswahili kwamba koth ni mvua na biro ni kuja, wimbo wote humgeukia. Ule unyonge aliousikia mwanzo huwa ni unyenyekevu wa mtu asiyetaka kusema kwa sauti jambo analolitamani, lisije likaghairi. Usomaji huu haumo katika filamu, na pengine haumo katika Dholuo yenyewe. Lakini wimbo unauhimili. Maneno mawili ya kufasiri yametosha kuuleta.

Kasoro za albamu ni za aina ileile ya uzuri wake. Utulivu ukishakuwa kanuni huanza kufanana na woga. Sauti ya Ogada haibadiliki sana kutoka wimbo hadi wimbo, na anayesikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho hufika mahali akatamani mtu acheke, au agombe, au adai deni lake. Mpigaji nyatiti wa jadi angekwisha kumtaja mnyimivu mmoja kwa jina. Dhihaka, ambayo ni nusu ya haki ya msanii huyo katika jamii yake, imeachwa mlangoni. "Kronkronhinko" kinatoka nje kidogo ya hali hiyo kwa mchezo wa sauti zake, ila kinasikika kama mgeni aliyepita kusalimu. Bei hiyo haifai kufichwa kwa heshima ya marehemu: albamu iliyoondoa uwanja imeondoa pia sehemu ile ambayo jamii humjibu msanii na kumrekebisha. Mtu akiuliza swali la miaka ya 1970, kwamba msanii huyu anasimama upande wa nani, jibu aminifu ni kwamba anasimama peke yake, na kwamba baadhi ya nguvu ya jadi yake imepotea kwa sababu hiyo.

Lakini jambo lililo kinyume chake pia ni hatari, nalo liko karibu zaidi na mhadhiri wa Meru kuliko studio za Uingereza. Katika Tamasha la Muziki la Kenya shule za kila upande huimba nyimbo za jamii nyingine, na wanafunzi wa Mlima Kenya wamevaa gara na kuimba Dholuo wasiyoielewa mara nyingi. Hukumu huenda kwa wachangamfu: tabasamu kubwa, miruko, mavazi yanayolingana. Ngoma ndefu za Wachuka nazo zimepelekwa katika sherehe za kitaifa kwa miaka mingi kwa sababu ya kishindo chake, na maneno ya nyimbo zake hakuna anayeyauliza. Jadi imezoezwa kuamini kwamba ikionwa lazima ipige kelele. Katika mazingira hayo albamu inayokataa kupaza sauti ina ujumbe hata pasipo hotuba. Inasema wimbo wa Kiluo waweza kuimbwa mbele ya asiyejua Dholuo bila kumchezea.

Mwaka 2015 Ogada alitoa "Kodhi" pamoja na mpigaji gitaa Trevor Warren. Gitaa limerudi, safari hii si la umeme wa Black Savage, bali limekaa kando ya nyatiti na kuisubiri imalize. Sauti imezeeka na kuwa nzito. Baadhi ya maneno karibu yanasemwa tu. Ukilinganisha na albamu ya 1993, nyatiti inapigwa polepole zaidi, na kati ya uzi na uzi pana nafasi ambayo mpigaji kijana asingethubutu kuiacha.